Wageni Waliokuja Kuangalia Nyumba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Ukinipa kitu cha bure, kwanza nakigeuza nione chini kina nini, halafu nakuuliza nani mwingine umempa. Mume wangu husema nimezaliwa hivyo. Si kweli. Nilizaliwa mtoto wa kawaida, mcheshi, mwenye kuamini watu. Kushuku nilifundishwa, tena Jumamosi moja mchana kweupe, nyumbani kwetu Ngarenaro, nikiwa nimevaa viatu vya mtoto wa jirani.

Arusha ya utoto wangu hakuna aliyehitaji kibao cha kumwonyesha yuko mtaa gani. Uzunguni kulikuwa na miti mikubwa na nyasi zilizokatwa, na nyumba ambazo huzioni mpaka mbwa akubwekee. Uhindini maduka yalikuwa chini na wenye maduka juu ghorofani, nguo zao zimeanikwa roshani. Halafu kulikuwa na sisi huku, gereji na mabanda ya chipsi na moshi wa mkaa, na redio ya jirani unayoisikiliza utake usitake. Wakoloni ndio waliopanga hivyo, kila rangi na mtaa wake, kila rangi na shule yake. Uhuru ulipokuja tukaambiwa mambo hayo yamekwisha. Haya. Wazungu wakaondoka, wakubwa wetu wakaingia kwenye nyumba zile, lakini jina Uzunguni likabaki palepale, na mtoto wa Ngarenaro akionekana kule na mfuko aliulizwa umebeba nini.

Halafu ikaja enzi ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ruksa, kila mwenye chake akiuze. Wazungu nao wakarudi, safari hii na miradi na magari ya watalii, wakarudi kwenye miti ileile. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi baba kikafungwa, naye akageuka fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti ya Njiro, ambako watu walikuwa wanajenga kuta kwa fujo utadhani kuna vita inakuja. Alikuwa akisema, "Geti nikilipeleka nafunguliwa. Nikishalifunga, sifunguliwi tena." Tulikuwa tunacheka, na yeye alikuwa anacheka.

Na shule nazo zikawa ruksa. Sisi tuliosoma shule ya serikali tulikaa chini, kitabu kimoja tunakigombea dawati zima, wale waliobahatika kuwa na dawati. Huko kwenye miti zikaanza kuchomoza shule za Kiingereza, na ile ya zamani ya watoto wa Kizungu, iliyokuwepo tangu enzi za bibi, ikapakwa rangi upya.

Siku moja mwalimu wetu wa darasa akaja nyumbani jioni. Mama akamwekea kiti, akamletea chai. Mwalimu akasema ile shule ya Uzunguni inataka kuchukua mtoto mmoja wa kike kutoka shule yetu, asomeshwe bure mpaka kidato cha nne, kwa sababu sasa wanataka kuchanganyika na wenyeji.

"Wenyeji?" baba akauliza. "Kwani wao ni nani?"

"Wao ni wageni, mzee."

"Mgeni gani huyo ana nyumba kubwa kuliko mwenyeji?"

Mwalimu akanywa chai yake. Baba hakuwa amemaliza. Alitaka kujua kwa nini waanze leo, kwa nini mmoja, na kwa nini bure. "Cha bure kina mwenyewe," akasema. Mama yeye hofu yake ilikuwa dini, sisi ni Waislamu, watu wa Kondoa kwa asili, akaogopa nitalishwa nguruwe na kurudishwa nyumbani na jina jingine. Bibi ndiye aliyetuacha hoi. Alisema wale ni mumiani, wanatafuta damu ya watoto, na kwamba enzi zake walikuwa wanatumia gari la zimamoto, sasa wamepata akili, wanatumia shule.

Lakini mimi niliitaka ile nafasi. Niseme wazi, niliitaka mpaka usingizi ukanipotea. Tulipelekwa kule kufanya mtihani, na nikaona chumba kizima cha vitabu, na kila mtoto na kiti chake peke yake, chenye mgongo. Nilikaa kwenye kile kiti nikasahau kuandika jina langu, msimamizi akanikumbusha. Baba aliniona nilivyorudi. Tangu siku hiyo aliacha kuuliza maswali yake mbele yangu, akawa anamuuliza mama chumbani kwa sauti ya chini.

Tulifaulu wawili. Mimi, na binti wa jirani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tuliyekuwa tunachota naye maji na kusukana nywele. Mama yake alikuwa Mmeru wa upande wa Maji ya Chai, Mlutheri wa kwaya, aliyehamia mjini na mumewe baada ya shamba la kahawa la ukoo kugawanywa mpaka likawa halitoshi hata kaburi. Walikuwa wamepanga nyumba ya miti na udongo, ubavuni mwa yetu, lakini ndani vyombo vyake vilikuwa vya maana. Mama jirani alipenda vitu vizuri. Alikuwa na viti vya mninga vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, na vikombe vya maua ambavyo hakuvitumia ila Krismasi.

Mwalimu akasema nafasi ni moja, kwa hiyo wageni kutoka shuleni watakuja kuangalia nyumba zetu. Kwetu Jumamosi hii, kwa jirani Jumamosi ijayo.

"Wanaangalia nini?" mama akauliza.

"Mazingira," mwalimu akasema.

Basi. Hakufafanua, na sijui mpaka leo kama alikuwa anajua. Ila kwetu neno hilo halikuhitaji ufafanuzi. Mgeni akija kuiangalia nyumba kwa ajili ya binti, kila mtu anajua kinachofanyika. Ni sawasawa na wakwe wanaokuja kuchunguza. Unapiga chokaa, unafagia mpaka barabarani, unapika cha maana, na usichokuwa nacho unaazima. Si uongo huo. Ndiyo heshima, na hata wakwe wenyewe wanajua kiti kile ni cha jirani, kwa sababu na wao walifanya hivyohivyo.

Mama akaazima mtaa mzima. Zulia lilitoka kwa mwenye gereji. Televisheni ilitoka kwa mwenye duka, haikuwa na waya, fundi redio akatuonya mtu asibonyeze kitu. Na mama jirani, ambaye mtoto wake alikuwa anagombea nafasi ileile, alikuja mwenyewe na viti kichwani. Akaleta vikombe vya maua, chupa ya chai, kabati dogo la vyombo, mpaka meza. Kisha akatazama miguu yangu, akaniona na kandambili, akaingia kwao akarudi na viatu vyeusi vya binti yake.

"Dada, utabaki na nini?" mama akamwuliza.

"Chukua tu. Jumamosi ijayo na mimi nakuja kuzoa vyako vyote, usije ukasema hukuambiwa."

Wakacheka wakagongeana mikono. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alikaa mkekani akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Mama akamwambia, mama, leo tafadhali.

Wageni wakaja wawili. Mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mpole, mwenye nywele nyeupe, na kijana mmoja mwenzetu aliyevaa tai, mkalimani. Nikawaamkia shikamoo, yule mama akaitikia kwa shida, tukafurahi. Mama akashusha pilau. Akashusha kuku, kachumbari, ndizi, maji ya kunawa na sabuni mpya na taulo. Yule mama Mzungu alikula kidogo sana, akawa anatazama. Alitazama zulia, akatazama kabati, akaitazama televisheni kwa muda mrefu mpaka nikaogopa ataomba iwashwe.

Akauliza, kupitia kwa yule kijana, watoto wanakula mara ngapi kwa siku.

Mama uso ukambadilika. Swali gani hilo, mbele ya sinia la pilau? "Mwambie kwangu mtoto hajawahi kulala na njaa," akasema. Haikuwa kweli kabisa, ila ndilo jibu la mwanamke mwenye nyumba.

Akauliza kazi ya baba. Baba akajiweka sawa kitini. "Mimi ni fundi. Mageti mazuri yote unayoyaona Njiro, ni mkono huu." Kijana akatafsiri, mama Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kifua mbele. Nilijua nimeshapita. Nilikuwa nawaza nitakaa kiti gani, karibu na dirisha au karibu na vitabu.

Wakasimama kuaga. Kijana akauliza yule binti mwingine anakaa wapi, ili wapajue kwa wiki ijayo. Mama akasema hapo tu, ukutani. Mama Mzungu akasema kitu, kijana akasema, "Anasema kama ni hapo, basi tumalize leo leo." Na mama, kwa sababu mgeni husindikizwa, akawatangulia mwenyewe. Akapiga hodi.

Mama jirani alikuwa uani, na kanga yake ya kufulia, mikono ina povu. Alipoona sura ile mlangoni alishtuka mpaka akaliangusha beseni. Ndani hamkuwa na kitu. Nakwambia hamkuwa na kitu! Kigoda kimoja cha kukunia nazi, ambacho yule kijana alikikalia, na mama Mzungu akasimama katikati ya chumba cha udongo, akageuka huku na huku. Bibi yao mzaa baba alikuwa amelala kwenye ngozi pembeni, anakohoa. Mama jirani akatafuta kikombe cha kuwapa wageni maji. Hakuna. Vikombe vilikuwa kwetu, vina mabaki ya chai. Akawaletea maji kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na aibu ikamzidi, akaanza kulia.

Rafiki yangu akatoka chumbani miguu mitupu. Akanitazama mimi, halafu akatazama miguu yangu. Nilitaka kumrudishia viatu vyake palepale, lakini mama alinishika bega kwa nguvu, akijua wakiniona navivua ndiyo tumeumbuka. Yule mama Mzungu naye macho yalikuwa yamejaa machozi. Akatoa kamera mkobani, akawapanga mlangoni, bibi na mama na mtoto, akapiga picha.

Wiki iliyofuata mwalimu akaja na majibu, akakataa chai. Nafasi amepata binti wa jirani. "Wamesema kwenu mna uwezo," akasema huku anatazama chini. "Wamesema wanashukuru sana kwa chakula."

Baba akaanza kucheka. Alicheka vibaya, mpaka bibi akamwambia anyamaze. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia na kulia. Uwezo! Sisi! Televisheni ilikuwa imesharudi dukani, zulia gereji, na usiku ule tulikula ugali na mchicha.

Hapo ndipo shuku zilipoingia nyumbani na kukaa kama mpangaji. Baba alishika moja: yule kijana wa tai. Jina lake lilikuwa la Kimeru, alisema, na mama jirani ni wa kwaya, kwa hiyo walikwishapanga kanisani. Shangazi zangu wakaja na yao: yule mwanamke alijua. Nani anatoa viti vyake, meza yake, mpaka viatu vya mwanawe, siku ya mashindano? Alijua Wazungu wanataka maskini, akatutupia sisi vitu vyake vizuri, akabaki na umaskini wa kuonyesha. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama mwanzoni alibisha. Kisha akaacha kubisha. Akanipa vile vikombe vya maua nivirudishe, akaniambia nisiingie ndani, niviweke kizingitini. Niliviweka kizingitini, na viatu juu yake.

Rafiki yangu akaanza shule. Basi la shule halikuingia mtaa wetu, alikuwa analifuata njia panda, na mimi nikienda shule na jembe na kidumu cha maji nilimwona amesimama pale na soksi nyeupe mpaka magotini. Hatukusemezana. Nilimchunguza tu. Nilichunguza begi lake, nikachunguza anavyotembea, nikasikia siku moja anamjibu mtoto wa Kihindi ndani ya basi kwa Kiingereza, haraka, bila kufikiri. Sisi wakati ule mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameacha kazi anauza mitumba, na tulikuwa tunakariri nyakati za vitenzi kwa kuimba. Nilifeli darasa la saba, kama walivyofeli karibu wote. Sikuwa mjinga. Mtihani wa Uzunguni niliufaulu sawa na yeye.

Siku moja, tuseme mwaka wa pili wa shule yake, mama jirani akaja kwetu. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile. Akasimama uani, akamsalimia mama, akasema, "Dada, naomba uniwekee vitu vyangu kidogo."

"Mnahama?" mama akauliza, kwa sauti kavu.

"Hatuhami. Wanakuja tena kuangalia nyumba."

Mama hakuelewa. Mama jirani akaketi kwenye ngazi, akaeleza. Kila mwaka wanakuja kuhakikisha. Mwaka uliopita walikuta vile viti na redio mpya aliyoleta shemeji yake, wakaviandika. Wakauliza ni vya nani. Tangu hapo mumewe hataki hata kusakafia chumba, mwenye nyumba amewapa saruji, ipo tu, inaganda mfukoni. Bati linavuja, mama mkwe anakohoa, na bati jipya hawathubutu kuweka. "Wakiona tumenyanyuka kidogo tu, mtoto anarudi," akasema. "Na siku ile, wallahi kama mnavyosema ninyi, sikujua. Mimi nililia kwa sababu sikuwa na kikombe cha kuwapa maji watu waliokuja kwangu."

Mama akamtazama. Namjua mama yangu, alikuwa anapima. Kisha akasema, "Leta viti. Vikombe usilete, utavivunja, nakuja kuvibeba mwenyewe." Wakaanza kuhamisha. Na tangu hapo ikawa ndiyo desturi, wageni wakikaribia, nyumba ya mama jirani inahamia kwetu, wageni wakiondoka, inarudi. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Baba alikuwa anabeba lile kabati huku anatukana.

Ila mimi shuku yangu haikuisha. Niliamini kuwa yule binti, hata kama mama yake hakujua, amepata kilichokuwa changu na anafurahia. Tulikuja kuongea alipokuwa anakaribia kumaliza. Nilikuwa nauza vitumbua njia panda, akaja kununua, akakaa.

"Unanichukia bado?" akaniuliza.

"Sikuchukii. Nakuonea wivu tu."

Akacheka. Halafu akanieleza kuwa kule shuleni, ukutani kwenye ukumbi wa kulia chakula, kuna picha kubwa ya nyumba yao. Ile iliyopigwa siku ile. Bibi yake mlangoni, mama yake na kanga ya kufulia na macho mekundu, yeye miguu mitupu. Chini pameandikwa kwa Kiingereza maneno ya shukrani kwa wafadhili. Watoto wa Kizungu na wa Kihindi na wa wakubwa wa Njiro wanakula chakula wakiitazama. Bibi yake ameshafariki, bado yuko ukutani. Hakuna mtoto aliyewahi kumwalika kwao. "Sio wabaya," akasema. "Wananipa hata vitu. Lakini wote wanajua chumbani kwetu kukoje, na mimi chumba cha hata mmoja wao sijakiona."

Nilirudi nyumbani mbio na beseni la vitumbua nusu. Moyo ulikuwa mwepesi, nisiseme uongo, mwepesi kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamsimulia yote, picha, ukumbi, maneno ya chini, bibi wa watu. Nikamwambia, mama, umeona? Ulituokoa. Pilau lako lile lilituokoa, sisi hawakututundika ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru. Nilitaka kumkumbatia.

Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Yeye anakwenda kidato cha tano," akasema. "Wewe unauza vitumbua."

"Lakini mama, ile picha—"

"Wangenipiga mimi hiyo picha," akasema. "Mwanangu, ningejua, ningekaa pale mlangoni na kopo mkononi, wakanipiga hata kila siku."